Seli za konea hazioti tena: maswali yenu kabla na baada ya kutolewa mtoto wa jicho

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia mahali pamoja: konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, na yanayoipata mtoto wa jicho anapotolewa. Tumechagua saba. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayofungua zilizobaki. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyelichunguza jicho lako, lakini yatakusaidia kumwuliza yanayostahili kuulizwa.

SWALI: Assalam alaikum. Mama yangu ana miaka 68 na anangoja kutolewa mtoto wa jicho la kulia. Kabla ya kupangiwa siku alipigwa picha ya konea, tukapewa karatasi yenye vyumba vidogovidogo kama sega la nyuki na tarakimu hizi: CD 1420, CV 44, HEX 41, CCT 588. Daktari akasema, "Seli zake ni chache kidogo, tutakwenda taratibu." Tangu siku hiyo mama ameingiwa na hofu, anasema heri abaki na ukungu wake. Tuelezeni.
Binti, Kuze

JIBU: Waalaikumussalam, dada yetu. Tuanze na mahali seli hizo zilipo.

Katikati, konea ina unene wa mikromita kama 540, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Sehemu tisa katika kumi za unene huo ni nyuzi za kolajeni zilizolazwa safu juu ya safu, na nyuzi hizo zina tabia moja: zikiachwa, hunywa maji. Nyuma yake kuna maji ya jicho yanayozunguka saa zote. Kinachoizuia konea isilowe ni safu moja tu ya seli, nyembamba ya mikromita kama tano, iliyotandazwa upande wa ndani. Hiyo ndiyo endothelia. Seli zake ni pampu. Husukuma chumvi kutoka kwenye konea kurudi ndani ya jicho, na maji hufuata chumvi. Pampu zikielemewa konea huvimba, ikawa kama dirisha la matatu siku ya mvua abiria wakiwa wamejaa: mwanga unapita, sura za watu hazionekani.

Ngozi ya mkono ikichubuka huota. Endothelia ya binadamu haioti. Seli ikifa, jirani zake hujinyoosha kufunika pengo, basi. Mtoto huzaliwa na zaidi ya seli 4000 katika milimita moja ya mraba. Mtu mzima hubaki na kati ya 2000 na 3000, akipoteza kama asilimia 0.6 kila mwaka kwa umri tu, hata asipoguswa na kisu. Idadi ikishuka kukaribia 500, ukungu wa konea huwa karibu.

Sasa shika karatasi. CD ni idadi ya seli katika milimita moja ya mraba. Kwa umri wa mama tungependa kuona 2000 na zaidi. 1420 ni pungufu, lakini si ya kumnyima mtu upasuaji. CV hupima seli zinavyopishana kwa ukubwa. Konea iliyotulia huwa na 30 au chini ya hapo. 44 inasema baadhi ya seli zimejitanua sana kufunika nafasi za wenzao. HEX ni asilimia ya seli zilizobaki na pembe sita. Zaidi ya 60 ni vizuri. 41 inasema seli nyingi zimeshavutwa zikapoteza umbo. CCT ni unene wa konea katikati, kwa mikromita. 588 imezidi wastani, lakini wapo waliozaliwa na konea nene na hawana tatizo lolote. Cha kutia shaka ni unene ukipita 640, au ukiwa mkubwa asubuhi kuliko alasiri, au jicho moja likilizidi jingine waziwazi. Kwa hiyo ombeni na karatasi ya jicho la kushoto, mlinganishe.

Kuna tarakimu nyingine ambayo watu huiruka, mara nyingi imeandikwa NUM. Hiyo ni idadi ya seli ambazo mashine imezihesabu kweli. Ikiwa chini ya 100, hesabu yote haina uzito mkubwa na picha irudiwe, tena mahali pawili au patatu. Kisha itazameni picha yenyewe. Mkiona madoa meusi ya mviringo katikati ya sega, kana kwamba mtu amelitoboatoboa, mwulizeni daktari kama ni gutata. Hivyo ni vinundu vinavyoota kwenye utando wa nyuma ya konea, na vikiwa vingi ni dalili ya ugonjwa wa Fuchs, unaoitwa kwa jina la Ernst Fuchs aliyeueleza mwaka 1910. Mwenye Fuchs huandaliwa kwa namna nyingine kabisa.

Hofu ya mama tuipime kwa hesabu. Tuseme upasuaji unakwenda vizuri na anapoteza seli 10 katika kila 100. Kutoka 1420 anabaki na karibu 1280. Baada ya upasuaji kasi ya kila mwaka huongezeka. Ufuatiliaji wa miaka kumi uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulikuta wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, mama akifika miaka 78 atakuwa na kama 990, karibu mara mbili ya ule mpaka wa hatari. Hesabu hiyohiyo kwa mtu mwenye 800 anayepoteza 20 katika 100 humwacha na 640 siku ya upasuaji, na miaka kumi baadaye yuko 500. Huyo ndiye wa kuogopewa, na hata yeye hufanyiwa, ila kwa maandalizi.

Na hilo neno "taratibu" lina vitu ndani yake. Katika upasuaji wa fako, sindano nyembamba hutetemeka kama mara 40,000 kwa sekunde kuvunja lenzi iliyogumu, huku maji yakiingia na vipande vikinyonywa. Yote hayo hufanyika katika nafasi ya milimita kama tatu kutoka konea hadi lenzi. Seli hufa kwa njia nne: mtetemo na joto lake, vipande vya lenzi vinavyorushwa vikagonga, mkondo wa maji wenye vurugu, na chombo kugusa ukuta. Daktari anayejua kwamba seli ni chache hutandaza kwanza jeli nzito inayogandamana na konea, yenye hialuronati na kondroitini, kisha jeli nyingine chini yake ya kushikilia nafasi. Lenzi huivunjia ndani ya mfuko wake, mbali na konea, huikata kwa chombo cha mkono kabla ya kutumia mtetemo, hupunguza kimo cha chupa ya maji, na katikati ya kazi husimama akaongeza jeli, kwa sababu ile ya kwanza huoshwa. Mwulizeni mambo mawili tu: je, atatumia jeli ya kugandamana, na je, kuna gutata? Akijibu bila kusitasita, mama yuko mikononi pazuri. Ukungu wake wa sasa hautapungua kwa kungoja, na lenzi inazidi kugumu.

SWALI: Nilitolewa mtoto wa jicho wiki tatu zilizopita. Kila nikiamka jicho lina ukungu, nikipata chai bado, ikifika adhuhuri linasafika, alasiri nasoma gazeti. Kesho yake tena vilevile. Ni lenzi mbovu?
Mzee wa Kisauni

JIBU: Shikamoo mzee. Lenzi ikiwa na kasoro huwa na kasoro mchana kutwa. Ukungu unaofuata saa ni wa konea. Ukilala, kope hufunga na machozi hayapati hewa ya kuyakausha, kwa hiyo kazi yote ya kutoa maji inabaki kwa pampu zako, ambazo bado zinauguza mshtuko wa upasuaji. Ukifumbua macho, machozi hukauka kidogokidogo, yanabaki na chumvi zaidi, nayo huvuta maji kutoka kwenye konea kwa mbele. Hewa ya Mombasa ikiwa na unyevu mwingi, kukauka huko huchelewa, ndiyo maana asubuhi za mvua ukungu wako utakuwa mrefu zaidi.

Kwa wengi hali hii hupungua kila wiki na kwisha ndani ya miezi mitatu. Andika kila siku saa ambayo ukungu unatoka. Ikiwa saa inasogea nyuma, kutoka sita mchana hadi nne, hadi mbili, konea inapona. Ikisimama palepale kwa wiki nne au ikasogea mbele, rudi ukapimwe unene na, ikiwezekana, seli. Daktari anaweza kukupa matone ya chumvi ya asilimia 5 kwa mchana na malhamu yake usiku. Yanachoma kwa nusu dakika, na hayaongezi seli hata moja. Yanavuta maji tu huku pampu zikipumzika. Usitengeneze maji ya chumvi jikoni. Hayana vipimo, na zaidi ya hayo si safi, nawe una kidonda kibichi.

Ukungu mwingine haungoji miadi. Konea ikiwa nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo ndani ya saa 12 hadi 48 baada ya upasuaji, maumivu yakiwa kidogo au hayapo, huenda ni sumu ya kitu kilichoingia jichoni wakati wa kazi: mabaki ya sabuni kwenye vyombo, au dawa yenye kihifadhi. Jicho likianza kuuma, kuwa jekundu na kupoteza nuru siku za baadaye, hasa ndani ya wiki ya kwanza, ni maambukizo ya ndani, na hapo hata usiku wa manane unakwenda. Asubuhi ya pili unaweza kuwa umechelewa.

SWALI: Baba hataki kufanyiwa hadi mtoto wa jicho "aive". Wazee wenzake barazani wanamwambia akitolewa mbichi atarudi. Ana ukweli?
Dereva, Changamwe

JIBU: Alikuwa na ukweli zamani. Katika upasuaji wa zamani lenzi ilitolewa nzima kwa mkato wa milimita 10 hadi 12 na nyuzi za kushona, na lenzi iliyoiva ilibanduka kwa urahisi. Siku hizi ni kinyume. Lenzi iliyoachwa ikawa ya kahawia na ngumu kama kokwa inataka mtetemo mwingi zaidi kuvunjwa, na kila sekunde ya ziada inalipwa kwa seli. Ikivimba, inasukuma mboni mbele, nafasi inabana, na presha inaweza kupanda ghafla. Ikiachwa zaidi, huanza kuvujisha protini zake ndani ya jicho.

Ikiwa tayari imeshagumu, mjue kwamba fako si njia pekee, wala si lazima iwe bora kwake. Kuna upasuaji wa mkato mdogo wa mkono ambao hutumika sana Afrika Mashariki: mfereji wa milimita 6 hadi 7 unachimbwa kwenye weupe wa jicho, kokwa inatolewa nzima, na mfereji unajifunga wenyewe bila uzi. Majaribio yaliyofanywa India kulinganisha njia hizi mbili yalikuta hasara ya seli inakaribiana. Kwa kokwa la kahawia sisi tungechagua daktari aliyezoea mfereji kuliko mashine mpya iliyo mikononi mwa anayejifunza.

Na yule "anayerudi" si mtoto wa jicho. Ni ule mfuko wa lenzi ulioachwa makusudi ndani ili kushika lenzi bandia. Hupata ukungu kwa baadhi ya watu, nao hutobolewa kwa leza kwa dakika chache, mgonjwa ameketi.

SWALI: Natumia tone moja la presha ya macho kila usiku, ndugu yangu wa tumbo moja alipofuka kwa glakoma. Kabla ya kutolewa mtoto wa jicho presha yangu ilikuwa 19. Wiki ya pili baada ya upasuaji mashine ya kupuliza hewa imesoma 11. Niache dawa?
Mwalimu mstaafu, Mtwapa

JIBU: Usiache, Mwalimu. Hiyo 11 ina mambo matatu yaliyochanganyika, na moja tu kati yake ndilo habari njema.

La kwanza ni kweli: kutoa lenzi nene hufungua nafasi, maji ya jicho yakapata kupita, na presha hushuka kidogo kwa watu wengi. La pili ni konea yenyewe. Mashine nyingi za presha hubonyeza konea na kukisia kilicho nyuma yake, kama mtu anayebonyeza tairi kwa kidole gumba. Kipimo cha Goldmann, kilichoelezwa mwaka 1957 na hadi leo ndicho cha kulinganishia, kimejengwa juu ya konea ya unene wa mikromita 520. Konea nene iliyo nzima hukataa kubonyea, presha ikasomeka juu. Lakini konea iliyonenepa kwa maji baada ya upasuaji ni laini, inabonyea upesi, na presha husomeka chini ya ilivyo. Hapa wengi hukosea: wanaona unene umeongezeka, wanaondoa namba kadhaa kwenye kipimo, kumbe walipaswa kuhofu kwamba tayari kimesomeka chini.

Ipo mashine inayopima tabia hiyo ya konea moja kwa moja. Hupuliza hewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Konea husukumwa ndani, ikapita hali ya bapa, ikabonyea, kisha ikarudi na kupita tena hali ya bapa. Mashine huandika nguvu ya hewa katika kila mpito. Namba mbili hizo hazilingani, na tofauti yake huitwa histeresisi. Bonyeza mpira kwa kidole, unaruka juu mara moja. Bonyeza donge la chapati lililopumzishwa, linarudi kwa kujivuta, sehemu ya nguvu yako imemezwa. Konea ni kama donge: humeza. Kwa mtu mzima mwenye afya histeresisi huwa karibu na milimita 10 za zebaki. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho hushuka, kwa sababu ya uvimbe na ya mkato, kisha hurudi ilipokuwa kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Kwa mwenye glakoma namba hii ina uzito wa pekee. Histeresisi ya chini huambatana na ugonjwa unaokimbia haraka, hata presha ikionekana nzuri. Mashine hizi hazipo kila kliniki. Pasipokuwepo, unene wa konea na subira hutosha.

La tatu ni matone ya kupunguza uvimbe uliyopewa baada ya upasuaji. Yana steroidi, na kwa baadhi ya watu, hasa wenye glakoma katika ukoo, steroidi hupandisha presha baada ya wiki mbili hadi sita. Kwa hiyo 11 ya leo inaweza kuwa 26 mwezi ujao bila wewe kusikia chochote. Endelea na tone lako la usiku, pimwa tena wiki ya nne, kisha mwezi wa tatu, kwa Goldmann ikiwezekana na saa ileile ya mchana. Ndipo uzungumze na daktari juu ya kupunguza.

SWALI: Bibi yetu atafanyiwa upasuaji na Ramadhani inakaribia. Vipi udhu, sijda na matone akiwa amefunga? Na je, wanja?
Wajukuu, Majengo

JIBU: Mkato wa fako ni wa milimita 2.2 hadi 2.8, hauna uzi, na umechongwa kwa mshazari kama mlango unaofungwa na kilicho ndani: presha ya jicho huukandamiza ukafunga. Mlango huo una adui wawili, kubonyezwa kwa nje na presha ya ndani kubadilika ghafla. Kuinamisha kichwa chini ya kiuno hupandisha presha ya jicho, na kufikicha hufanya yote mawili kwa pamoja. Ndiyo sababu ya kumwomba bibi aswali ameketi kitini, akiashiria rukuu na sijda kwa kuinamisha kichwa kidogo, angalau wiki ya kwanza. Akifanyiwa kwa mfereji wa milimita 6 au 7, daktari huenda akamwongezea muda. Udhu upo, ni maji ya bomba kuingia jichoni ndiyo hayafai kwa wiki mbili. Namna ya kuosha uso pasipo kulilowesha jicho, mwulizeni imamu wa msikiti wenu; dini ina nafasi kwa mgonjwa. Usiku alale na ngao ya plastiki kwa wiki ya kwanza, maana mkono wa aliyelala hauna akili.

Kuhusu saumu, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi hawalihesabu jicho kuwa njia iliyo wazi, na tone halifunguzi hata ladha yake ikifika kooni. Akitaka ladha hiyo isifike, akitia tone afumbe jicho na mtu ambonyeze taratibu pembeni mwa pua, pale kope zinapokutana, kwa dakika mbili. Asibonyezwe jicho lenyewe. Asiruke tone la mchana akingoja futari: matone ya mara nne kwa siku hayawi ya mara nne yakitiwa yote usiku.

Wanja uwekwe kabatini mwezi mzima, na ukirudiwa kuwe na kijiti kipya na wanja mpya.

SWALI: Mume wangu ana kisukari miaka 15. Ni kweli konea za wenye kisukari ni dhaifu?
Mama wa Bamburi

JIBU: Endothelia yao mara nyingi huwa na seli zilizopishana zaidi kwa ukubwa, na baada ya upasuaji konea huchukua muda mrefu kurudi unene wake. Hilo linafaa kujulikana, lakini si konea inayowapofusha wengi wao. Sukari iwe imetulia kwa wiki kadhaa kabla, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikaguliwe kwa mboni iliyopanuliwa kwanza. Retina ikiwa inavuja na mtoto wa jicho akatolewa bila kutibiwa, mzee atatoka na lenzi safi na nuru haba.

SWALI: Mama alitolewa mtoto wa jicho miaka miwili iliyopita, akaambiwa mfuko ulipasuka na lenzi imewekwa mbele. Sasa konea ni nyeupe, na jicho humchoma ghafla kama limeingiwa na mchanga. Tumeambiwa abadilishwe konea. Na huyo anayetutilia matone nyumbani humwagia matatu-matatu, ni sawa?
Msomaji, Likoni

JIBU: Poleni sana. Mfuko ukipasuka, ute wa nyuma huja mbele, kazi hurefuka, na seli huenda kwa wingi. Lenzi iliyokaa mbele ya mboni inakuwa jirani wa konea na inaweza kuendelea kuzipunguza mwaka hadi mwaka. Pampu zikishindwa, maji hupenya hadi ngozi ya juu ya konea na kuiinua malengelenge. Yakipasuka, neva zinabaki wazi. Huo ndio mchomo wa ghafla. Lenzi laini ya kufunika konea, ile ya kuvaliwa mchana na usiku chini ya usimamizi wa daktari, hutuliza maumivu wakati mnangoja.

Kubadilishwa si lazima iwe konea nzima, kama alivyofanya Eduard Zirm mwaka 1905. Leo huweza kubadilishwa tabaka la nyuma peke yake. Katika njia moja hupandikizwa endothelia pamoja na ukanda mwembamba wa kolajeni. Katika nyingine, iliyoanzishwa na Gerrit Melles wa Uholanzi, ni utando na seli zake tu, mwembamba kiasi kwamba ukiwekwa kwenye maji hujikunja kama karatasi ya sigara. Hubandikwa kwa kipovu cha hewa, si kwa uzi, na ndiyo maana mgonjwa hulazwa chali akitazama dari kwa saa nyingi siku za mwanzo. Kipovu kikiwa bado ndani, asipande ndege. Kwa mama kuna swali la kwanza kabla ya lolote: ile lenzi ya mbele itatolewa? Tabaka jipya likiwekwa juu ya jirani yuleyule, litaelekea kulekule. Mwulizeni pia lini: konea iliyokaa na maji muda mrefu huweka kovu, na ikishaweka, tabaka la nyuma peke yake halitatosha.

Matone: moja. Mfuko wa kope la chini hubeba kama mikrolita 30, na tone moja la chupa hulingana na hizo au kuzizidi. La pili na la tatu humwagika shavuni na kuosha la kwanza. Tikisa chupa ikiwa dawa ni ya maziwamaziwa, kwa sababu hutuama na juu hubaki maji matupu. Nawa mikono, mlaze mama chali, vuta kope la chini litengeneze mfuko, dondosha bila ncha ya chupa kugusa kope, afumbe. Kama kuna dawa ya pili, hesabu dakika tano kwanza. Malhamu huja mwisho, maana ikitangulia tone litateleza juu yake.